Vidonge vya Kwenye Droo ya Cherehani

Mdogo wangu wa pekee,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetubakiza wawili baada ya mama. Hujambo? Kiungulia chako je, kimepoa? Huku tunashona, tunasali, siku zinakwenda. Mkeo yupo kwangu, hajambo, ingawa hujamuulizia.

Sikufichi, nimekasirika. Umemfukuza mwanamke aliyemwogesha mama miezi minne, eti shangazi Redio ametangaza kwamba alimtilia mama kitu kwenye supu! Wewe, mtu mzima na ndevu zako, ukaamini? Mbona shangazi mwenyewe alikuwa akimalizia masazo ya supu hiyo, na sauti yake haijapungua hata kidogo?

Mkeo alipolalamika tumbo nilimpeleka zahanati. Akapimwa, akakutwa na bakteria wa tumboni. Daktari alinieleza kwamba mdudu huyo huingia kwa maji machafu na mikono isiyooshwa, akaenea nyumba nzima. Wengi wanaye na hawajui. Akiachwa miaka mingi huchimba vidonda, na wengine huwaletea saratani kama ya mama. Chumvi nyingi na sigara huzidisha hatari. Hapo nikakukumbuka wewe na pakiti yako mfukoni. Akasema dawa zipo, ila zimezwe wiki mbili kamili, hata maumivu yakiisha.

Dawa hizo nazijua, mdogo wangu. Mama alipewa miaka sita iliyopita. Siku ya tano alisema zinamchefua, mdomo una ladha ya chuma. Mimi ndiye niliyemwambia aziache, ameshaombewa, amepona. Zilizobaki nilizifunga kwa uzi nikaziweka kwenye droo ya cherehani, zije zimfae mwingine. Zimo mpaka leo. Nilimuuliza daktari kama zingemwokoa. Akasema hakuna anayeweza kujua. Jibu hilo linanichoma kuliko kama angesema ndiyo.

Na shangazi alipomsingizia mkeo, nilikuwa palepale, nimeinama natunga uzi kwenye sindano. Nikanyamaza. Mungu anisamehe.

Sasa msomee shangazi barua hii, kwa sauti kubwa kama yake. Kisha njoo umwombe mkeo radhi, na ukapimwe.

Nisalimie wote hapo, hata shangazi, ila yeye akishasomewa. Mkeo yuko siku ya tisa ya dawa. Naye zinamchefua. Kila asubuhi nasimamisha cherehani, namshikia kikombe mpaka ameze.

Ni mimi dada yako,
Fundi