Aliyefungua Lenzi ya Darubini

Kawetele, 3 Juni 2024

Mjomba Erasto,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Isongole? Sisi tu wazima. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunisikii, na haya siwezi kuyasema kwa kupaza sauti.

Ile darubini ya shuleni ninakofundisha ilishika kuvu masika haya. Nikaifungua peke yangu maabarani, nikafuta lenzi ya mbele, nikairudisha. Tangu hapo kila kitu kinaonekana kina mkia, kama wino uliomwagiwa maji. Wageni walipokuja kuutazama Mlima Rungwe hawakuona la maana. Mkuu wa shule akauliza nani kaigusa. Nikanyamaza. Akamgeukia mama Felista, anayesafisha maabara: "Ni wewe na matambara yako." Wiki hiyohiyo akaachishwa kazi. Alipolaumiwa nilikuwa nimesimama karibu naye, Mjomba, nikatazama sakafu.

Wewe umenyoosha vyombo vya wapima ardhi miaka thelathini. Nielekeze.

Mpwa wako,
Hellen

Isongole, 9 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti bado bishi. Ndaga, asante, kwa majani ya chai uliyotuma, nimeyapata.

Lenzi yako imekaa upande. Funika mdomo wa mbele. Upande wa jicho weka mfuniko wenye tundu dogo katikati, mulika tochi humo na uchungulie. Utaona nukta za mwanga zikirudi kutoka kwenye lenzi. Zikiachana, lenzi imeinama. Kuizunguka kuna skrubu jozi tatu: moja inasukuma, mwenzake inavuta. Legeza moja kidogo, kaza mwenzake, chungulia tena. Usitumie nguvu. Nukta zikilaliana, umemaliza. Kisha jaribu kwa kitu kinachong'aa mbali, ila usielekeze kwenye jua kamwe.

Umeuliza habari ya lenzi, nimejibu. Mama Felista anaishije sasa? Hilo hukuliandika.

Mjomba wako,
Erasto

Kawetele, 24 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Habari za viazi? Huku baridi tu, afya tunayo.

Imekubali! Siku mbili nukta zilinikimbia, kumbe nilikuwa nakaza kabla ya kulegeza. Siku ya tatu zikalaliana. Nikaielekeza kijiji cha Kisondela, nikaona migomba jani kwa jani, na msumari wa bati ukimeta kama nukta moja safi isiyo na mkia.

Mkuu alinisifu mbele ya walimu wote: "Alichoharibu mfagiaji, mwalimu Hellen amekifufua." Wakapiga makofi.

Nilisema asante.

Mpwa wako,
Hellen

Isongole, 28 Juni

Hellen,

Sijambo. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jina la mama Felista. Halimo. Usiniandikie tena mpaka liwemo.

Erasto

Kawetele, 20 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Sijui goti, sijui viazi; nimeogopa hata kuulizia kwa watu.

Wiki sita sikuweza. Mapema mwezi huu kwenye kikao nilisimama nikasema ni mimi. Mkuu amenipa onyo la maandishi, na barua ya kumrudisha mama Felista kazini. Niliomba niipeleke mwenyewe.

Nilimkuta Kisondela anachagua parachichi. Nilipiga magoti nikaanza kueleza, akanikatiza.

"Nilikuona, mwalimu. Dirishani, siku ile unafungua kile kioo."

"Mbona hukusema, mama?"

"Wangemwamini nani? Nilijua utasema wewe. Palepale mbele ya mkuu nilikuwa nakungoja."

Akaisoma barua taratibu, akaikunja.

"Nitarudi Jumatatu, nina watoto wanasoma. Lakini mwambie mkuu wako funguo za maabara nitashika mimi."

Amerudi, na funguo anazo. Zamani aliniita mwanangu. Siku hizi ni mwalimu tu. Jana nilimkuta mlangoni, nina kidato cha tatu kizima nyuma yangu. Akaniuliza, "Unakuja kufanya nini humu, mwalimu?"

Nikamweleza kila kitu nitakachogusa. Akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akafungua.

Mpwa wako,
Hellen