Profesa wa Tatu

Kigali, Jumatatu, 1991

Nimeitwa mwongo leo, na hoja ya mshtaki wangu haikuwa na kasoro.

Nilimwomba mwanafunzi mgeni, msichana kutoka Niboye, asaini fomu ya usajili kabla ya saa kumi, la sivyo angepoteza nafasi chuoni. Akakunja mikono. "Kaka, wewe ni profesa wa tatu tangu asubuhi. Wa kwanza alinipima urefu, wa pili akaniimbisha."

Ndiyo desturi ya mwaka wa pili: huvaa tai, hujifanya maprofesa na kuwahangaisha wageni. Zilibaki dakika tano. Niliingiwa na hofu kweli.

Mpishi wa chuo akapita. "Profesa, sahani zangu utarudisha lini?"

"Mpishi hatanii," msichana akasema, akasaini.

Sahani saba ziko hapa mezani. Hazirudi mpaka usajili uishe; mpishi aendelee kunidai mbele ya wageni.