Jina la Baba Yako, Hanani

Xiaobei,
Guangzhou, China.
14 Oktoba 2007

Mpendwa mjukuu wangu Judica,

Salamu nyingi kutoka huku kwa shangazi yako Imelda. Mnaendeleaje, wewe na kichanga? Maziwa yanatoka vizuri? Mimi kifua kimenichosha, na daktari wa hapa ameacha kunitajia kupona. Uji unapita, nashukuru.

Umeandika kwamba mtoto atabatizwa Hanani, jina la marehemu baba yako. Nimefurahi, lakini kuna jambo kuhusu jina hilo nimelificha miaka yote, na sitaki mlipeleke kanisani bila kulijua.

Mwaka 1962 nilipelekwa Israeli kusomea ushirika. Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa shamba la pamoja, mwana wa seremala, mshika dini kwelikweli. Kwake yeye, Wayahudi kurudi katika nchi ile na kuilima ilikuwa ibada. Jioni ya Sabato ya kwanza aliniambia, "Mwalimu Lucas, humu ndani mna giza." Nikamjibu, "Kweli, giza sana." Tukakaa gizani mpaka usingizi ukatuchukua! Kesho yake wenzake walinicheka sana. Mshika Sabato hawashi taa wala hamwombi mtu amwashie; husema tu kuna giza, mgeni aelewe.

Ndiyo maana hadi leo nikitaka taa nasema hivyo. Imelda akirudi na viatu vyake vya biashara kutoka soko la Zhanxi hunitania: "Baba, unazunguka kuliko laobani anayeficha bei dukani kwake! Si useme tu niwashe taa?"

Rafiki yangu huyo aliingia bungeni kwao mwaka 1969 kwa chama cha washika dini, baadaye akawa naibu waziri wa kilimo. Alipoanza kutetea Wayahudi wajenge kwenye ardhi iliyotekwa vitani, nilimwandikia kwamba nawafikiria Wapalestina wanaoilima. Alinijibu kwa kurasa nzima za Torati. Hatukukubaliana kamwe. Chini kabisa ya barua hiyo aliandika: "Na mwanao anaitwa nani? Hujawahi kuniambia."

Alifariki mwezi Machi. Tom, mwanafunzi anayekuja kunisomea habari, aliona tangazo la kifo chake kwenye mtandao. Nililia, Imelda akadhani ni kifua.

Nyumbani nikiulizwa, nilisema Hanani ni jina la yule mwonaji wa Biblia. Serikali yetu ilivunja uhusiano na Israeli, nami nilikuwa mtumishi wake. Halafu siasa za rafiki yangu zikanitia haya.

Nisalimie mama yako Careen, na mumeo Geofrey. Mungu awafunike wewe na mtoto. Mkichagua jina jingine, sitanuna.

Swali lile la rafiki yangu sikulijibu. Baba yako nilimpa jina la mtu huyo, Hanani, kwa kuwa nilimpenda, na yeye mwenyewe amekufa hajui.

Babu yako akupendaye hata sasa,
Lucas