Kilo Moja na Nusu

Kaka yangu,

Mama hajambo, ni goti tu linalomsumbua. Wanao wamerefuka.

Ile lugha ya kompyuta ya alama tupu uliyonifundisha nimeitumia hapa hospitali. Dozi za wodi ya watoto nilizipanga kwa programu ya mstari mmoja tu: alama zimeungana zenyewe, uzito wala dawa havitajwi kwa jina, kompyuta inavichukua yenyewe. Nilijisifu mno.

Jana asubuhi muuguzi mkuu alinijia na karatasi. "Mwanangu, mtoto huyu ana kilo moja na nusu. Mbona dozi ni ya kilo mbili?"

Nikafungua kompyuta. Alama mbili nilizipishanisha: badala ya kuzidisha kwanza, kompyuta inaikamilisha kilo moja na nusu kuwa mbili, ndipo inazidisha.

"Dozi ya huyu nimeizuia," akasema. "Je, waliokwisha kupewa tangu Jumatatu?"

Ni watoto tisa. Ningeweza kurekebisha kimyakimya. Nikasema, "Kosa ni langu."

Wamepimwa wote. Wanane ni wazima. Wa tisa, majibu ya damu bado, nami nangoja nje ya wodi. Mama yake ameniona natetemeka, akanifunika nusu ya shuka lake, akauliza, "Na wewe una mgonjwa humu?"

Nimeomba karatasi, nakuandikia.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hofu.