Mzee Amelala

Syokau uko? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Leo landlord ametuma fundi hapa Membley, anaitwa Gerishon, atafute mahali maji yanavuja kwa ukuta. Ako na kamera ya kuonyesha joto. Kitu moto inatokea nyekundu, kitu baridi inatokea bluu.

Si unajua ile mito uliniambia nipange kitandani tulipomzika mzee wangu Chege, nifunike blanketi, mgeni akiingia adhani kuna mwanaume ndani. Basi nikamwambia Gerishon asipige kelele, mzee amelala, alikuwa shift ya usiku.

Mzee amelala. Syokau, nilisema hivyo na mdomo wangu huu.

Akapitisha kamera kwa ukuta wa bedroom, ikafika kitandani. Akairudisha hapo tena. Akaniuliza, "Mama, huyu mzee amelala tangu saa ngapi?" Nikasema tangu asubuhi.

"Mama, hebu keti kwanza. Mzee ni baridi kama ukuta."

Alidhani nakaa na maiti. Alikuwa ameshatoa simu apigie polisi. Ikabidi nifunue blanketi mwenyewe. Mito tatu na sweta ya Chege.

Hakucheka. Afadhali angecheka. Alisema tu "pole mama", akaendelea na kazi.

Saa hii ametuma ripoti. Maji yanatoka nyuma ya bafu. Halafu chini kabisa, wanaoishi kwa nyumba: mtu mmoja.

Miezi minane tangu tumzike, na sijawahi kuiona imeandikwa.

Mito nimerudisha kitandani. Sweta nimeivaa mimi.