Kitambaa Juu ya Mashine ya Mbavu

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili jioni, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka meza ya jikoni ya mama, ambako nimesukuma vyombo pembeni ili nipate pa kuandikia. U hali gani? Mgongo je, bado unakusumbua ukisimama zamu nzima pale wodini? Shemeji na mapacha hawajambo? Mimi mzima, ila sauti imenikauka, na ukisoma mpaka mwisho utajua ilikaukia wapi. Mama hajambo kiasi. Hilo "kiasi" ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya simu, maana kwenye simu ungenikatiza, kisha tungeishia kucheka, na leo sitaki kucheka.

Unajua kwamba tangu mwaka jana wenye kiwanda cha uchapaji walinihamishia tawi la mbali, nikasahihishe vitabu vya shule. Jana nimerudi bila kumtaarifu mtu. Kabla sijagusa geti, pua ikapokea moshi wa mkaa. Nikajiambia ni kwa jirani. Kwetu moshi utoke wapi, wakati wewe umeshatuma kutoka huko ng'ambo kikaangio cha hewa, mashine inayochoma nyama kwa upepo wa moto tu, na Kaka ameshatutumia picha ya mama akiwa nayo?

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Mama alikuwa ameinama juu ya jiko la mkaa, macho mekundu. Mbavu za nguruwe zinachuruzika mafuta, na kila tone likidondoka kwenye makaa, moshi unampanda usoni. Anapepea. Anakohoa kile kikohozi kinachomkunja mpaka ashike ukuta. Anapepea tena. Nikatazama anapepea kwa kitu gani: kipande cha kadibodi kilichokatwa kutoka boksi la mashine yako. Ile picha ya mbavu zinazong'aa bado ilikuwepo, imeungua upande mmoja.

Daktari alisema mbele yangu na mbele ya Kaka kwamba moshi na mapafu ya mama havitakaa nyumba moja. Sote tulisikia. Ndiyo maana ulituma mashine. Nikaingia ndani kuitafuta.

Niliikuta sebuleni, kwenye kabati la vioo, katikati ya picha ya marehemu baba na zile bilauri ambazo hazijawahi kuonja maji. Imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Kaka yetu, yule tuliyemwita Mwenyekiti tangu utotoni kwa sababu hata mchezo wa kujificha aliufungua kwa hotuba, alikuwa na wageni: msimamizi wa bohari anakofanyia kazi, pamoja na mkewe. Alikuwa ameinua pembe ya kitambaa kwa vidole viwili, kama mheshimiwa anayezindua jiwe la msingi, akieleza kwamba mashine hii inachoma mbavu bila moshi hata chembe. Anayasema hayo huku moshi unaingia dirishani na mgeni anajifuta macho kwa leso. Wifi akaleta sahani, mbavu zilezile za mama. Mgeni akatafuna, akasifu: kweli, mashine za nje zinachoma. Na Kaka, mdogo wangu, akaitikia kwa kichwa.

"Kaka," nikamwambia, "mwambie mgeni nani amechoma hizo mbavu."

"We dada, huoni tuna wageni?"

"Nimewaona. Mama naye anaikoholea nyama yao huko nyuma."

Msimamizi akarudisha ubavu kwenye sahani polepole, kama mtu aliyegundua amevaa kiatu cha mwenzake. Wifi akaanza kunieleza kwamba mama mwenyewe ndiye aliyekataza mashine isiguswe. Nikamwambia kila nyumba ina mtu wa kusingiziwa, na mara nyingi ni yule asiyekuwepo chumbani.

Nimesoma vitabu vingi juu ya watu waliochonga sanamu kisha wakaziogopa, na siku zote niliwahurumia nikidhani wako mbali na sisi. Kumbe tunakula nao. Tuna blanketi jipya la wageni, na wenyewe tunatetemeka. Tuna bilauri za wageni, na wenyewe tunanywea kopo la plastiki. Sasa tumepata mashine ya kumwokoa mama na moshi, tumeiweka ionekane na wageni, na mama tumemwacha kwenye moshi ili wageni washibe. Naandika makala za kugombana na wakubwa, watu wananiuliza hasira naitoa wapi. Naitoa sebuleni kwetu.

Na wewe itoe ile picha uiangalie upya. Mama amesimama kando ya mashine ameshika sahani. Angalia waya wa umeme: bado umefungwa kwa kile kikamba cha dukani. Sahani ile ilitoka kwenye mkaa. Wewe ukafurahi, mimi nikafurahi, na mimi macho ndiyo yanayonilipa mshahara.

Basi nikafungua kabati. Kaka akasema nitaivunja. Nikaibeba mpaka jikoni, nikabandua plastiki iliyokuwa bado imegandia kwenye droo yake, nikachukua mbavu mbichi zilizobaki. Nikavua ule utando mgumu wa upande wa mifupa, maana ukiuacha utatafuna kama viatu. Nikasugua chumvi, vitunguu saumu, pilipili na sukari ya kahawia. Ubao mzima wa mbavu haukuingia kwenye droo, nikaukata vipande vya mifupa mitatu mitatu, nikavipanga bila kuvibananisha. Moto wa wastani, mafuta yayeyuke taratibu. Mchuzi mzito wa nyanya na siki nikaupaka mwishoni, kwa sababu sukari yake inawahi kuungua. Kisha nikapandisha moto kwa dakika chache ushike na kung'aa. Msimamizi wa bohari alikuja kusimama nyuma yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini moshi utatokea wapi. Nikamwambia hautokei. Akasema basi hata kwake mkewe anakohoa.

Kaka hakuingia. Mama ndiye aliyekuja, akasimama mlangoni, mkononi ana kile kitambaa cha kufuma. Nilidhani atanishukuru. Alikuwa amekasirika kuliko mimi.

"Umetoa na plastiki?"

"Nimeitoa, mama."

"Plastiki ile aliishika mdogo wako. Boksi lilipofunguliwa lilinuka sabuni yake. Ukishachoma nguruwe humo, mimi nitabaki na nini cha kwake?"

Kumbe wifi hakusema uongo. Kitambaa alikifuma mama. Kabati alilichagua mama. Jioni watu wakitawanyika, anafungua kile kioo na kuweka pua. Na boksi alilikata la kupepea pale harufu ilipokuwa imekwisha humo, ikabaki kwenye mashine peke yake.

Usidhani Kaka amepona. Nilimfuata uani nikamfokea mpaka sauti ikakauka: mama kukataa mashine ni jambo moja, wewe kumletea mkaa kila wiki ni jambo jingine. Alikuwa amepata vyote viwili, sifa za mashine na utamu wa mkaa, na bei ilikuwa inatoka kifuani mwa mama.

Lakini hasira iliyobaki, Kitinda, ni yako, na nimeibeba mpaka kwenye karatasi hii isimwagike njiani. Umetuma redio, umetuma shuka, umetuma mashine. Kila mwaka unasema mwakani. Kila mwakani kuna mtihani, kuna zamu, mapacha wameota meno. Mapacha sasa wameng'oa hayo meno. Mama alikuwa tayari kuvuta moshi mpaka kifua kizibe ili mashine ibaki na harufu ya mwanawe. Mtu hafiki hapo kwa ujinga. Anafikishwa na watu, na wewe umo. Ukiwa nesi unawageuza mama za watu kitandani ili migongo isichubuke; wa kwako umemwachia boksi. Kasirika ukitaka. Nami bado nimekasirika, tutakuwa sawa.

Sasa ujue tumefikia wapi. Mbavu zilipotoka nilimpa mama kipande cha kwanza. Alikataa, kisha akaonja upande mdogo, kisha akavuta kiti. Alisema nyama ni laini, inaachia mfupa, ila haina moshi, na alivyolisema neno moshi ungedhani ametaja chumvi. Alimaliza sahani nzima bila kukohoa hata mara moja.

Jiko la mkaa nimempa fundi wa kuchomea vyuma wa mtaa wa pili, alikate alifanyie atakalo. Kaka ndiye aliyelibeba, mchana, watu wakimwona. Mashine inakaa hapa mezani, karibu na kiwiko changu. Leo mama amepika mwenyewe, akaisubiri ipoe, akaifuta, akaivisha kitambaa chake. Kitambaa tayari kina doa la mchuzi na kimeanza kunuka mafuta ya nguruwe. Wifi alitaka kukiloweka. Mama akakishika kwa mikono miwili, akasema atakifua mwenye mashine akija.

Kwa hiyo kuna kitambaa hapa kinakungoja, na kila siku ya mbavu kinazidi kuchafuka.

Msalimie sana shemeji, na mapacha uwabusu mmoja mmoja wasije wakagombana. Kaka anakusalimu, ingawa mimi hanisemeshi. Wifi anakusalimu, nimemwomba radhi, akasema nilipe kwa kuosha sufuria, nami nimeziosha. Mama hakutaka niandike salamu zake, anasema salamu zake unazijua.

Mungu akulinde zamuni, aupoze mgongo wako, na akuondolee visingizio kimoja baada ya kingine mpaka ubaki na tiketi tu mkononi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikifoka,

Kiberiti