Ruhusa ya Kumwita kwa Jina Lako

Mama mzazi, jambo sana huko Kongolo. Goti linakuacha ulale? Huku Kamalondo tunakula, tunavaa, lakini moyo wangu haujatulia.

Ni huyu mjukuu wako, wajina wako. Ametimiza miaka miwili na hasemi neno. Kutwa anapanga vifuniko vya chupa kwa mstari, na ukimkatiza analia mpaka sauti inakauka. Wifi yangu, mwenye nyumba hii, amekwisha kuamua: "Huyu mutoto balimufunga kinywa na bulozi. Tumupeleke ku nyumba ya maombi, abakie kule mupaka aseme." Abakie kule, peke yake! Mume wangu yuko kazini, mgodini Kinsevere. Kwenye simu ananiambia tu nipatane na dada yake. Niende wapi, mama? Hata ufunguo wa mlango si wangu.

Nikakimbilia kwa daktari wa watoto. Ni mwanamke mpole, alikaa sakafuni na mtoto. Akaniuliza: "Kama munamuita jina yake, anageukaka?"

"Hapana, dokta. Hata kidogo."

Akaandika. Kisha akasema: "Iko na miaka mbili tu. Siwezi kupatia bugonjwa jina leo. Mutamurudisha, tutamuangalia tena."

Daktari hana jina la kunipa, na wifi analo tayari.

Nilipokuwa njiani kurudi ndipo niliposimama ghafla. Jina gani? Nani humwita hilo? Amebeba jina lako, na jina la mzazi halitamkwi hovyo. Sote humwita Mama, hata baba yake akimwita mezani: "Mama, kuya ukule." Jina lenyewe hajawahi kulisikia!

Nilipofika nikaita, "Mama." Akainua kichwa. Lakini mlango nao ulikuwa umelia, sasa sijui alisikia nini. Siku hizi sichezi naye tena, nampima tu. Nimechoka kumpima mtoto wangu.

Tukirudi, daktari atamwita kwa jina lile. Nataka kumzoesha, ila kila nikifungua mdomo naona haya, ni kama nakutukana. Nipe ruhusa, mama. Na wifi amekubali kungoja neno lako, kwa kuwa mtoto ni wewe. Mjibu kupitia huyu jirani aliyekuletea barua, anarudi na treni.

Nisalimie kaka fundi baiskeli, na shangazi mkunga aliyenipokea mimi.

Wakimfungia kule, ni wewe wamekufungia. Usikubali.

Mimi binti yako, niliyekuzaa mara ya pili,
Georgette